Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa: dalili, chanzo na dawa yake

Boxer, TVS au pikipiki ya Kichina yenye injini ya aina ya CG ikiegeshwa nyuma ya nyumba misimu miwili ya mvua, muuzaji husema neno moja tu: "Inataka plagi." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi mnunuzi hufika soko la Kibuye, Kisumu, au kwenye maduka ya spea ya Nakuru akanunua plagi, kisha CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru moto wa plagi), kisha kabureta nzima (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na pikipiki bado haijanguruma. Injini ndogo ya petroli inahitaji vitu vinne: moto wa plagi kwa wakati wake, petroli, hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye kimoja cha hivyo vinne, na kila kimoja kina kipimo chake kisichogharimu pesa. Pima kwanza, spea utanunua baadaye.

Kabla ya kupiga kiki hata mara moja

Hapa ndipo injini nyingi nzima huharibiwa na pupa. Oili iliyokaa imeshuka yote chini, ukuta wa silinda umekauka, na ringi (pete zinazozunguka pistoni) zinaweza kuwa zimeshikwa na kutu. Ukiikanyaga kwa nguvu, ringi hukwaruza silinda na unajiletea gharama ambayo haikuwepo.

Mwaga oili ya zamani kwenye beseni uitazame. Ikiwa nyeusi tu, hakuna neno. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: pikipiki ililala kwenye mafuriko au kifuniko cha oili kiliachwa wazi. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi kama maji, sindano ya floti (kiboya kinachofunga petroli kikombe cha kabureta kikijaa) inavuja na petroli imeshuka hadi kwenye injini. Pitisha sumaku ndani ya oili hiyo. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia au bearing, na bei uliyoambiwa inafaa kushuka.

Safisha kichujio cha wavu kilicho chini ya injini, kisha weka oili mpya ya 20W-50. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua lita moja au kuzidi kidogo, kwa hiyo fuata kijiti cha kupimia wala usimimine chupa nzima ukiwa umefumba macho. Chupa iwe na maandishi JASO MA au MA2, yaani alama ya oili ya pikipiki. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na kwenye pikipiki klachi huogelea katika oili hiyo hiyo. Matokeo yake ni klachi inayoteleza, halafu fundi anauza pleti mpya ambazo hazikuhitajika.

Sasa fungua plagi, mimina oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu lake, uache usiku kucha. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, sukuma kiki polepole kwa mkono. Ikizunguka, endelea mara kumi hivi ili oili ipande. Ikigoma, usiirukie. Weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, ulitikise mbele na nyuma taratibu. Pistoni iliyoshikwa kidogo na kutu huachia hivyo. Ikikataa, ongeza mchanganyiko wa dizeli na oili nyembamba, uiache siku mbili au tatu, ujaribu tena. Isipoachia baada ya hapo, silinda itafunguliwa tu.

Kiki inazunguka lakini haiwaki kabisa

Piga kiki mara kumi choki ikiwa imefungwa (yaani imezuia hewa, kama unavyowasha injini baridi), kisha fungua plagi uiangalie.

Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini moto haupo, au petroli imezidi. Uchunguzi huo mdogo ndio unaokuambia uende upande gani. Iliyolowa kwa kuzidiwa hutibiwa kwa kufunga bomba la tangi, kufungua eksileta mpaka mwisho, na kupiga kiki mara tano au sita plagi ikiwa nje. Kausha plagi, irudishe, jaribu tena bila choki.

Kupima moto: chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze ikigusa chuma cha injini mbali na tundu la silinda (mvuke wa petroli hutoka pale), piga kiki. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa haitoshi, hata kama inaonekana vizuri gizani. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.7 hivi.

Moto usipokuwepo, fuata njia hii kutoka kwa rahisi hadi kwa ghali. Ng'oa kofia ya plagi. Mwisho wa waya mnene unaotoka kwenye koili (kifaa kinachokuza umeme wa plagi) huoza kwa kutu. Kata milimita tano za mwisho, kofia irudishwe kwa kuizungusha kama skrubu. Halafu angalia swichi ya ufunguo na swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani. Kwenye injini za CG, kuna waya mweusi wenye mstari mweupe unaozima injini kwa kupeleka umeme kwenye bodi. Uchomoe pale CDI. Moto ukirudi, CDI ni nzima na ubovu uko kwenye swichi au kwenye nyaya zake. Panya hupenda sana nyaya zilizo chini ya kiti na chini ya tangi, kwa hiyo fungua mpira unaozifunika uzifuate zote kwa macho.

Pikipiki nyingine CDI yake hutumia umeme wa betri. Betri ikifa, moto hakuna, hata kiki ukiipiga mpaka jioni. Azima betri nzima ya volti 12 uijaribu kabla hujaamini neno la mtu kuhusu CDI. Ukiwa na mita, pima kihisi kidogo kilicho kando ya magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa injini): kwa kawaida husoma kati ya omu 100 na 300. Kikisoma sifuri au kisisome kabisa, kimekufa. CDI hununuliwa mwisho, kwa sababu duka la spea likishakuuzia kifaa cha umeme halikipokei ukikirudisha.

Plagi kavu: tangi, bomba, kabureta

Chomoa paipu ya petroli kutoka kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, fungua bomba. Petroli itiririke mfululizo. Ikidondoka kwa kigugumizi, fungua kifuniko cha tangi. Ikianza kutiririka vizuri, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi. Isipobadilika, bomba au wavu wake ndani ya tangi umejaa kutu.

Petroli iliyokaa zaidi ya miezi michache hupoteza sehemu yake nyepesi inayoshika moto haraka, na inayobaki hugeuka utomvu. Imwage yote. Usiichanganye na mpya kwa kuionea huruma. Tangi lenye kutu huoshwa kwa siki: ng'oa bomba na uzibe tundu lake, jaza siki, tia nati na bolti ndogo kiganja kimoja, tikisa, acha saa 24. Mwaga, suuza kwa maji yenye baking soda ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, kisha anika juani kifuniko kikiwa wazi. Likishakauka tu, weka petroli siku hiyo hiyo, maana chuma kilichosafishwa kwa siki huanza kutu upya kwa saa chache. Asidi ya betri ambayo baadhi ya watu huitumia hula hata chuma kizima cha tangi. Iache.

Kuhusu petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara: mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, lengo likiwa kuzuia kuchanganywa na petroli na dizeli. Mchezo huo haukuzikwa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila alama, ila iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

Sasa kabureta. Kabla ya kulipia mpya, osha hii ya zamani. Fungua kikombe cha chini kwa bisibisi inayokaa sawasawa, kwa kuwa skrubu zake ni laini na huliwa kichwa haraka. Ndani kuna jeti mbili za shaba. Jeti kubwa hulisha injini eksileta ikiwa wazi, jeti ndogo huilisha ikiwa imetulia. Zitoe zote mbili, zishike juani uangalie kama mwanga unapita. Tundu la jeti ndogo ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, na ndilo huziba kwanza. Lizibue kwa dawa ya kuoshea kabureta na upepo wa kompresa. Likikataa, tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ambao Kisumu haukosekani. Waya wa chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hunywa petroli siku zote. Vijia vya ndani ya mwili wa kabureta navyo vipulizwe. Wengi huosha jeti na kusahau vijia.

Ncha ya sindano ya floti ikiwa na mtaro, badilisha sindano. Kuijaribu, pindua kabureta juu chini ili floti ilalie sindano, kisha puliza kwa mdomo kwenye mlango wa petroli. Pumzi isipite.

Inawaka kwa choki tu, ukiifungua inazima

Hapa hakuna siri. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na choki inaficha upungufu huo. Sababu ni mbili: jeti ndogo bado imeziba, au hewa inaingia mahali isipopaswa. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka ukikaa juani. Injini ikiwa imewaka, nyunyizia maji kidogo kuzunguka mpira huo na gasketi zake. Mlio ukibadilika, umeupata mwanya. Gundi na kipande cha tyubu vitakuchukua wiki moja. Mpira mpya ni bei ya chini.

Vyote vikiwa sawa, rekebisha skrubu ya mchanganyiko. Ifunge polepole hadi iguse, usikaze, kisha ifungue mizunguko miwili hivi. Injini ipate joto, halafu igeuze robo robo hadi mlio upande juu kabisa bila kutetereka, ndipo ushushe mwendo wa kutulia kwa skrubu ya eksileta hadi mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Skrubu iliyo upande wa injini hudhibiti petroli, na kuifungua huongeza petroli. Iliyo upande wa kichujio cha hewa hudhibiti hewa, kwa hiyo kuifungua hupunguza petroli. Fundi akichanganya hizo mbili, anaweza kuzungusha skrubu mpaka jioni na pikipiki isitulie.

Kabureta iliyowekwa sawa Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, itakuwa na petroli ya ziada kidogo ikifika Nakuru, mita 1,850 hivi, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 7. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, utaiona ikitoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Huo si ugonjwa. Ila pikipiki iliyonunuliwa nyanda za juu na kuletwa ziwani huelekea upande wa pili: plagi huwa nyeupe na injini hupata joto kupita kiasi. Baada ya kilomita ishirini hivi angalia plagi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka.

Inaenda kilomita chache, inazima, ikipumzika inawaka

Dalili hii imelipisha watu kuliko zote, kwa kuwa sababu zake nne hufanana. Dawa ni kuwa tayari pale pale inapozima: ufunguo wa plagi uwe mfukoni.

Ikizima, kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa, ni tundu la kifuniko. Usiposikia kitu, pima moto wa plagi hapo hapo kabla injini haijapoa. Moto usipokuwepo, koili au kihisi cha magneti hufa kikipata joto na kufufuka kikipoa, na ukikipima asubuhi kitaonekana kizima. Moto ukiwepo na petroli ikiwepo, sukuma kiki kwa mkono. Ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa asubuhi, vali zimekazwa mno: chuma kikipata joto hurefuka, vali hushindwa kufunga, na mgandamizo hutoroka. Sababu ya nne ni uchafu mwepesi ndani ya kikombe cha kabureta unaopanda kwenye jeti na kushuka tena injini ikizima. Fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kikombe uone kinachotoka.

Kuseti vali si kazi ya kuogopa. Injini iwe baridi kabisa. Zungusha magneti hadi alama ya T ilingane na alama ya kifuniko, na vali zote mbili ziwe legevu. Zikiwa zimebana, zungusha tena duara nzima. Kwa Boxer, fila geji (bapa jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ipite kwenye vali ya kuingiza na 0.10 kwenye ya kutolea. Kwa injini za CG, 0.08 kwa zote mbili. Geji ipite kwa kukwama kidogo. Ukishakaza nati, pima tena, maana nati huvuta skrubu.

Haina nguvu, inakataa mlima

Kupanda kilima cha Riat, Kisumu, ukiwa na abiria, au barabara ya Menengai kutoka mjini, huonyesha haraka. Anza na vitu vya nje. Nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Breki inayoshika hula nguvu bila mtu kuhisi. Fungua kichujio cha hewa. Cha sponji huoshwa kwa sabuni na maji, kikauke, kipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi hubadilishwa. Vumbi jeupe la Nakuru huziba kichujio kwa muda mfupi, lakini kuendesha bila kichujio, kama wengine wafanyavyo ili "ivute vizuri", ni kulisha ringi mchanga.

Silensa nayo. Pikipiki iliyokaa huwa makao ya nyigu, na nyumba ya udongo ndani ya bomba la moshi huizuia kupumua. Pitisha waya mnene uisikie.

Kama mlio unapanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Kishikio kiwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha kabla hakijaanza kuvuta. Ikiwa ulegevu upo na oili ni sahihi, pleti zimeisha. Pikipiki iliyokuwa ikibeba gunia la mahindi la kilo 90 na abiria juu yake, tegemea hilo tangu mwanzo.

Hapo ndipo unafika kwenye mgandamizo. Ukipata geji, injini yenye joto, eksileta wazi, ikisoma kati ya psi 130 na 170 iko vizuri. Chini ya 100 ina shida. Mimina oili kijiko kimoja cha chai ndani ya silinda, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda vimeisha. Isipopanda, vali hazifungi. Kijiko hicho kimoja hukuepusha na kufungua silinda kumbe shida iko kwenye kichwa.

Moshi

Mweusi ni petroli kuzidi: rudi kwenye kichujio cha hewa, choki iliyokwama, sindano ya floti. Mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka unapowasha tu, au unapoachia eksileta kwenye mteremko kisha ukaivuta tena, ni mipira ya vali. Ukitoka muda wote unapovuta, ni ringi. Silinda ikichongwa, pistoni huja kwa vipimo vya kuzidi vya milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kwa hiyo nunua pistoni kwanza, mpe mchongaji achonge kwa kuifuata, wala si kinyume chake. Ringi ziwekwe alama ikiangalia juu, na mianya yake isipangane kwenye mstari mmoja. Kilomita 500 za kwanza usiivute mpaka mwisho, usipakie mzigo, kisha mwaga oili.

Kugongagonga

Tik-tik nyepesi juu ya kichwa ni vali legevu. Mlio wa mnyororo unaosugua, upande mmoja, kwa Boxer na TVS, ni cheni ya taimingi, inayoendesha vali. CG haina cheni hiyo, inatumia fimbo. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukivuta eksileta, ni bearing ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na shafti). Hiyo usiiendeshe hata hadi kwa fundi, ipakie.

Betri na taa

Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi. Ichaji kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake, yaani ya 5Ah kwa nusu ampea. Ikishachajiwa na bado ikisoma 10.5, seli moja imekufa. Injini ikivutwa kiasi, kwenye betri usome kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12, haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji) ndiyo inayochoma balbu zako na kukausha betri.

Kabla ya kuingia barabarani

Fungua ngoma za breki zote mbili. Breki shuu yenye utando chini ya milimita mbili iondoke. Zilizong'aa kama kioo zipigwe msasa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe.

Cheni iwe na mchezo wa milimita 25 hadi 35 katikati, ipimwe pale inapokaza zaidi. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno ya zamani huisha upesi. Klipu ya kiungo: upande uliofungwa utangulie mwendo wa cheni.

Tairi zilizokaa juani hupasuka kando hata kama maua yake yanaonekana mapya. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo psi 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukibeba abiria. Gonga kila spoki kwa spana ndogo. Ile yenye mlio mfu imelegea. Kisha shika gurudumu la mbele ulisukume kushoto na kulia, ushike na uma wa nyuma ufanye vivyo hivyo: mchezo wowote pale ni bearing au bushi.

Safari ya kwanza iwe fupi, kwenye barabara tambarare kama ile ya kwenda Ahero, na urudi uangalie oili ikiwa bado moto. Baada ya kilomita 300 imwage yote, hata kama inaonekana safi, kwa sababu uchafu wote uliokuwa umelala ndani ya injini sasa unaelea humo.